MUNGU ANAANGALIA ROHO, SI CHEO



Mu gazeti hii tunaandikaka mingi juu ya mitihani, mupira na kwaya. Mara hii nataka kueleza fundisho moja yenye tunasikiaka kila mara ku ibada ya asubuhi, lakini tunaisahau mbele ya kufika ku klasi: Mungu haangalii cheo cha mutu, anaangalia roho yake. Ni neno nyepesi kwa kusema. Kulishika njo nguvu. Nitaonyesha kwanza Biblia inasema nini, kisha mambo ya inchi yetu ya Katanga na muji wetu wa Likasi, na ku mwisho nitasema kosa yangu mwenyewe, kwa sababu mutu mwenye kufundisha wengine hawezi kujificha.

1. Samweli mu nyumba ya Yese

Fungueni 1 Samweli, sura ya 16. Waisraeli walikuwa na mufalme Sauli. Sauli alikuwa murefu kupita watu wote, hata mutu wa pili alimufikia paka ku mabega. Watu walipomuona walifurahi sana, wakasema: huyu njo mufalme. Lakini Sauli hakusikia Mungu, na Mungu akamutuma nabii Samweli Betelehemu, ku nyumba ya Yese, kwa kupakaa mafuta mufalme mupya.

Yese akaleta watoto wake wanaume. Wa kwanza alikuwa Eliabu, kijana murefu, mwenye sura ya kutosha. Samweli akawaza mu roho yake: hakika ni huyu. Mungu akamukataza. Akamwambia kama macho ya watu yanasimama inje, lakini yeye Mungu anafika mpaka ndani. Basi watoto saba wakapita, na hakuna hata mumoja aliyechaguliwa. Samweli akauliza: watoto wako wamekwisha? Baba akajibu kama kunabakia mudogo, iko na kondoo mu pori. Samweli akasema hawatakaa ku meza mpaka huyo afike. Njo namna Daudi aliitwa.

Wandugu, tuangalie vizuri nani alikosea hapa. Samweli alikuwa nabii tangu utoto wake, alilala mu nyumba ya Mungu, alisikia sauti ya Mungu akiwa mutoto. Tena alikwisha kuona na macho yake namna urefu wa Sauli haukusaidia kitu. Lakini alipoona kijana mwingine murefu, akaanguka mu kosa ile ile. Na Yese, baba muzazi, hakumuita hata mutoto wake ku karamu. Kama nabii alikosea, na baba alikosea, sisi wanafunzi wa Likasi tutasema kama macho yetu haidanganyi?

Kuko jambo lingine. Biblia haisemi kama Daudi alikuwa mubaya wa sura. Inasema alikuwa muzuri, macho yake yanapendeza. Kwa hiyo Mungu hachukii uzuri, tena hakumukataa Eliabu juu ya urefu wake. Soma sura ya 17 utaona roho ya Eliabu. Daudi anamuletea chakula ku vita, na yeye Eliabu anamukasirikia mbele ya watu, anamucheka juu ya vikondoo vyake vichache. Yenye ilikuwa ndani ikatoka inje. Mungu aliiona mbele, sisi tunaiona paka nyuma.

2. Roho ya namna gani?

Mu Likasi tunasemaka: «Ule mutu iko na roho muzuri.» Mara mingi tunataka kusema kama anagawanyaka, hana wimivu, anasalimiaka watu. Ni vizuri. Lakini mu Biblia moyo wa mutu ni zaidi ya pale. Moyo njo fasi mutu anawazia, anapangia, anakatia shauri. Ni ile yenye unataka kweli wakati hakuna mutu anakuangalia.

Wengine wanawaza: basi Mungu alimuchagua Daudi kwa sababu hakuwa na zambi. Hapana. Daudi alichukua bibi ya Uria, akapanga Uria auawe ku vita. Soma 2 Samweli sura ya 11. Na Sauli alifanya nini? Aliachilia mufalme wa Amaleki na kondoo nono, na Mungu alikuwa amekataza. Kama tunahesabu kwa akili yetu, kosa ya Daudi inaonekana nzito kuliko ya Sauli. Sasa tofauti yao iko wapi?

Tofauti inaonekana wakati kila mumoja alikaripiwa. Samweli alipofika kwa Sauli (sura ya 15), Sauli akasema kwanza kama ametii. Samweli akamuuliza juu ya sauti ya kondoo, na Sauli akasema ni watu walizikamata. Ku mwisho akakubali kosa, lakini mara moja akamuomba Samweli amupe heshima mbele ya wazee. Mumeona? Hata akitubu, macho yake iko ku wazee. Anaogopa kupoteza cheo kuliko kupoteza Mungu.

Natani alipofika kwa Daudi (2 Samweli 12), Daudi alikuwa na taji, na askari, na nguvu ya kumufunga nabii. Lakini alipoambiwa kama ni yeye mwenye kosa, akakubali kwa neno fupi kama amemukosea Bwana. Hakutaja mutu mwingine. Hakuomba heshima. Tena hakuachiliwa bila azabu: mutoto alikufa, na nyumba yake ikapata shida mingi. Lakini roho yake ilikubali kusikia kweli.

Njo maana ya neno hili. Roho yenye Mungu anatafuta si roho isiyokosea hata siku moja. Ni roho yenye inaweza kuambiwa kweli hata kama imevaa taji. Na cheo, wandugu, kazi yake mbaya ni hii: kinafunga masikio. Kadiri mutu anapanda, njo kadiri watu wanaogopa kumwambia kosa yake, na yeye mwenyewe anaanza kuamini kama hana kosa.

3. Mambo ya inchi yetu ya Katanga

Tusiseme kama ni mambo ya Wayahudi tu. Mu karne ya 19, mukubwa wa inchi hii alikuwa Mwenda M'siri, mufalme wa Bayeke, ku Bunkeya, upande wa kaskazini ya Likasi. Sitaki kutukana wakubwa wa zamani. M'siri alitoka mbali, upande wa Tanzania ya leo, na kwa akili na nguvu akajenga ufalme mukubwa. Biashara yake ilikuwa shaba, pembe za tembo, na watu. Watumwa walitoka hapa, wakapelekwa na wafanya-biashara mpaka Bié mu Angola, na wengine mpaka bahari ya Benguela, na bunduki na baruti zikarudi.

Mu mwezi wa pili 1886, Frederick Stanley Arnot, kijana wa Scotland, alifika Bunkeya na Injili, na nyuma yake wengine kama Dan Crawford, aliyefika 1890. M'siri aliwapokea, akawapa fasi ya kukaa. Lakini mutu mwenye angeingia Bunkeya siku zile na kuuliza: Mungu atajenga kanisa ya inchi hii juu ya nani? angejibu paka kama Samweli: hakika ni mufalme na wakubwa wake. Haikuwa vile. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, M'siri aliuawa na kapiteni Bodson, wa safari ya Stairs, na Bodson naye akauawa siku ile ile. Watu wa muji wakatawanyika.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Kati ya watu waliouzwa Angola, Baluba wengi, kulikuwa wenye walisikia Injili kule Bié ku wamisionere. Walijifunza kusoma, walijifunza nyimbo na sala. Mu miaka ya 1910 wengine wakapata njia ya kurudi kwao, safari ya miguu ya majuma mengi. Mu 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, mu inchi ya Baluba, wakaanza kazi yenye leo ni Jumuiya ya Pentekoste. Wazungu wawili hawa wangeweza kufanya kazi namna gani peke yao, na luga hawajaijua? Watumwa waliorudi njo waliwasaidia. Vijiji vingi vilisikia jina la Yesu mara ya kwanza, si mu kinywa cha muzungu wala cha mufalme, lakini mu kinywa cha mutu mwenye aliuzwa kama muzigo.

Muwaze kidogo. Mutumwa njo mutu wa mwisho kabisa. Hana ukoo wa kumusimamia, hana shamba, hana sauti mbele ya wakubwa. Na kuko neno lingine tena. Mutu mwenye ameuzwa na ndugu zake, akipata uhuru, angeweza kusema: sitarudi tena kwa watu wale. Hawa walirudi, na hawakurudi na bunduki kwa kulipiza, walirudi na kitabu. Roho ya namna ile haionekani ku nguo.

Tena tusiwaze kama Mungu anapenda masikini kwa sababu ni masikini tu. Kati ya waliotumika na Burton kulikuwa Shalumbo, mutu wa Basonge. Mbele alikuwa mwenye kuteka watu na kuwauzisha. Aligeuka, akaenda kuhubiri kwa watu wake, na Burton aliandika kitabu juu ya maisha yake. Kwa hiyo Mungu hakuangalia udogo wa wale wala ubaya wa zamani wa huyu. Aliangalia roho yenye imekubali kugeuka.

4. Na Likasi yetu?

Wazazi wetu wanajua musemo huu: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Union Minière, yenye ilianzishwa 1906, na nyuma yake Gécamines, ilitoa nyumba, unga, hospitali na masomo. Kila mutu alijulikana kwa numero yake ya kazi na kwa daraja yake. Nyumba ya mukubwa ilikuwa mu kartie yake, nyumba ya mufanyakazi mudogo mu kartie ingine. Watoto waliulizana: baba yako ni daraja gani? Na kufuata jibu, wengine walicheza pamoja na wengine hapana.

Kisha kazi ikaanguka. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa shauri yenye iliitwa kutoka kwa mapenzi. Mutu aliyekuwa jana na numero na heshima, leo alikuwa na shamba kidogo ya mihogo. Mu familia mingi za hapa wakubwa wanatuelezeaka siku zile. Na wanasema jambo moja: siku zile njo walijua majirani. Kuko wenye walikuwa na daraja ya juu, lakini cheo kilipotoka, ndani hakukubakia kitu, wakabakia paka na hasira. Na kuko wenye walikuwa wadogo ku kazi, lakini mu njaa walikuwa wakubwa: waligawanya sahani ya bukari na mutoto wa jirani. Cheo ni koti. Wakati wa baridi ni vizuri kuwa nalo. Lakini koti si mutu.

Sisi watoto wa muji wa mawe tunajua jambo hili vizuri kuliko watu wengine. Jiwe ya kijani yenye kungaa inapendeza macho, na jiwe nyeusi yenye kobalti inafanana na udongo ya njia. Mwenye hajui ataokota ile ya kijani na kupiga teke ile nyeusi. Mwenye kujua hawezi kutaja bei kwa macho tu. Anapima kwanza mali yenye iko ndani. Wenye kuchimba kwa mukono wanalalamika kama mashini ya kupima ya wanunuzi inadanganyaka. Kipimo cha Mungu hakidanganyi, tena hakuna mutu anaweza kukihonga.

5. Kosa yangu

Sasa nafika ku kosa yangu, na mimi kapita mukubwa wa wanafunzi. Siku ya wazazi ya mwaka jana, mimi njo nilipewa kazi ya kuweka watu ku viti. Muzee mumoja alifika mapema sana mbele ya wote, akakaa ku kiti cha mustari wa kwanza. Koti yake ilikuwa na mavumbi nyeusi ya makala, viatu yake ilikuwa sandali za mupira. Kisha motokari ikaingia mu lupango, na baba mumoja mwenye kravati akashuka. Hakukuwa tena kiti mbele. Mimi nikaenda kwa ule muzee, nikamwambia: «Baba, fasi hii ni ya wageni. Ukae kule nyuma.» Akasimama bila neno. Nyuma viti vilikwisha. Akasimama ku ukuta saa mbili.

Watu wanapendaka hadithi fasi muzee wa namna ile anaonekana ku mwisho kuwa mutu mukubwa, na mwenye kumudharau anapata haya. Hapa haikuwa vile. Muzee hakuwa mukubwa. Anauzisha makala, na mutoto wake ni mwanafunzi wa klasi ya chini hapa kwetu. Na njo vizuri haikuwa vile. Kama angekuwa mukubwa, ningejuta juu ya cheo chake, na ningekuwa nimefanya kosa ile ile mara ya pili.

Mutoto wake aliona yote. Tangu siku ile alianza kukaa ku benchi ya mwisho mu ibada, hata kama mbele kuko fasi. Siku moja nilimuuliza juu ya nini. Akajibu: «Kapita, fasi yetu ni kule nyuma.» Hakusema kwa hasira. Alisema kama mutu mwenye amejifunza somo. Wandugu, sisi tunakuja hapa kujifunza, na mimi njo nilimufundisha mudogo wetu somo ile.

Mwalimu mumoja aliponikaripia, nilijibu nini? Nilisema: ni desturi, kila mwaka tunafanyaka hivi, niliambiwa wageni wakae mbele. Nilifanya paka kama Sauli: ni watu walikamata kondoo. Ilinichukua majuma tatu kukubali kama hakuna mutu aliniambia kumusimamisha ule muzee. Macho yangu njo iliniambia. Nilienda kwao, nikaomba musamaha. Muzee akanipa kiti. Alikuwa nacho kimoja tu, na yeye akakaa juu ya gunia.

Yakobo, mu barua yake, sura ya 2, anaeleza jambo hili wazi kama aliona lupango yetu: tajiri mwenye pete ya zahabu anaingia, anapewa fasi nzuri, masikini mwenye nguo chafu anaambiwa kusimama kule. Yakobo haiiti kosa ya adabu. Anasema tumejifanya waamuzi wenye mawazo mabaya. Na tena ni kumusahau Bwana Yesu mwenyewe, mwenye alizaliwa mu nyumba ya wanyama, akatumika kazi ya mbao, akanawisha miguu ya wanafunzi wake.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tusivute fundisho hili kwa kutetea uvivu. Wengine wanasema: Mungu anaangalia roho, basi nitakuja na unifomu chafu, sitasoma, sitaamukia wakubwa. Hapana. Daudi aliitwa akiwa ku kazi, anachunga kondoo ya baba yake vizuri. Mutu mwenye roho nzuri anafua shati yake hata kama ni moja tu. Na wakubwa tuwaheshimu, maana Biblia inatuagiza. Lakini heshima ya mukubwa isitoke mu mufuko wa mudogo.

Pili, tuache kuulizana baba anafanya kazi gani mbele ya kuulizana jina. Kucheka viatu ya mwenzako ni kufanya kazi ya Eliabu.

Tatu, karibuni tutachagua makapita wapya. Tunazoeaka kuchagua mwenye kusema Kifaransa kingi, mwenye sauti, mwenye simu nzuri. Mimi nawaomba muangalie mambo matatu: anafanya nini wakati mwalimu ametoka mu klasi? Anasemaje na wadogo wenye hawawezi kumusaidia kitu? Na akiambiwa kosa yake, anajibu kama Sauli ao kama Daudi? Kama mwenye anajibu vizuri ni murefu na muzuri wa sura, mumuchague, si zambi. Kama iko kule nyuma na kondoo, mutume mutu akamuite, na musikae mpaka afike.

Nne, ku siku ya wazazi ya mwaka huu, Bwana Prefe amekubali: mwenye kufika wa kwanza atakaa mbele. Mimi tena njo nitapanga viti, na hii ni mara yangu ya mwisho mbele ya kutoka ku masomo. Muniangalie, na mukiona macho yangu yanaanza kufuata mulango wa motokari, muniambie bila kuogopa.

Kwa mutoto wa ule muzee, mwenye atasoma maneno haya: ndugu yangu mudogo, fasi yako si kule nyuma. Nilikudanganya. Unisamehe.

Mungu abariki masomo yetu.

Ndugu yenu katika Kristo,
Kapita mukubwa wa wanafunzi, klasi ya mwisho